Sekunde Nne Nilizozikata

Vijana mnaopita kwangu huwa mna swali moja, kila mtu na namna yake ya kuliuliza. "Mzee Paskali, kipi kina sauti nzuri, CD au flashi?" "Babu, kwani bluetooth ya simu ina tatizo gani?" Juzi kijana wa bodaboda anayebeba abiria wa Rhotia aliingia sebuleni kwangu na helmeti kichwani, akazitazama spika zangu mbili zinazonifika kiunoni, akasema, "Mzee, haya ni makabati au?" Nikamwambia avue helmeti kwanza, maana hakuna anayesikiliza muziki akiwa amevaa sufuria. Akacheka, akavua, akakaa.

Ufundi nimeuacha. Macho hayafuati tena waya mwembamba na mkono wa kulia unatetemeka. Masikio bado yapo. Kwa hiyo nitawajibu, tena kwa kirefu, kwa sababu katika maisha yangu ya kutengeneza redio na mashine za muziki hapa Karatu kuna kitu kimoja nilichokiharibu mwenyewe na sikuweza kukitengeneza, na kiliharibika kwa sababu sikulifuata jibu ninalotaka kuwapa.

Kulinganisha kuna utaratibu wake. Tumia wimbo mmoja, ule ule. Kaa kiti kimoja, usisogee. Sawazisha sauti, kwa sababu kinachopiga kwa nguvu zaidi kidogo tu sikio litakipenda, hata kama ni kibovu. Wauza spika wote wanalijua hilo, ndiyo maana mkono wao hauondoki kwenye kitufe. Halafu mwambie mtu mwingine akubadilishie, wewe ukiwa umefumba macho, asikuambie ni CD au ni simu. Nimeona watu wazima wakisifia flashi wakidhani ni CD ya bei mbaya.

Na usikilize nini? Hilo nilifundishwa na Fundi Shabani. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa Oldeani. Yeye kahawa hakuitaka, akafungua meza ya redio hapa mjini, nami nikawa mwanafunzi wake. Alikuwa akiniambia, "Paskali, usisikilize wimbo. Wimbo kila redio inaujua. Sikiliza vitu ambavyo mwimbaji hakutaka uvisikie." Alikuwa na maana ya pumzi kabla ya neno, kiatu kinachosogea, kiti kinacholia, mtu anayemeza mate. Mashine mbaya inavila vitu hivyo kwanza. Na mtu anayebana nyimbo, kuzipunguza ukubwa ili mia tano ziingie kwenye flashi moja, naye huanza na hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa na kaseti yangu ya kupimia. Ilikuwa ya kwaya ya kigangoni kwetu Rhotia, wanawake kumi na wawili, iliyorekodiwa na padri kwa kinasa sauti cha maikrofoni mbili kilichowekwa kwenye ngazi ya altare. Mama yangu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Padri alimsimamisha mwisho kabisa upande wa kushoto, karibu na mlango, kwa sababu mbili: alikuwa akikohoa, na alikuwa na Veronika mgongoni, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Kikohozi kile hakikupona. Mahindi ya mwaka ule tuliyavuna bila yeye. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Mimi nilikuwa darasa la sita na mkubwa wa wote, nikafunga daftari na sikulifungua tena. Nilikuwa na mdogo wangu Bura wa miaka tisa, na Veronika wa kubebwa. Mwenyekiti wa kwaya alikuja nyumbani na ile kaseti, akanipa mkononi, akasema, "Najua redio hamna. Itunze tu. Mama yako yumo."

Nilipoanza kazi kwa Fundi Shabani niliisikiliza kila nilipopata nafasi. Redio ya pale mezani ilikuwa na spika moja iliyochanika, na katika kwaya ile sikuweza kumtenga mama na wenzake. Wanawake kumi na wawili walikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na mahali pamoja tu: wimbo wa tatu, kati ya ubeti wa pili na kiitikio, wote wamenyamaza, mtu mmoja anakohoa. Huyo nilimjua. Baada ya kikohozi kulikuwa na mchakacho kama wa gunia likiburutwa, halafu kiitikio. Basi. Kwa miaka hiyo mama yangu alikuwa kikohozi.

Siku moja tuliitwa Oldeani, kwa meneja wa shamba la kahawa, ambaye amplifaya yake ilikuwa imeunguzwa na umeme. Tulipanda na Land Rover ya shamba, barabara ile ikitupigisha vichwa kwenye paa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Tulibadilisha alichobadilisha Fundi, mimi nikishika taa, na ulipofika wakati wa kujaribu, meneja hakuwepo na kabati lake la kaseti lilikuwa limefungwa.

"Una kaseti?" Fundi akaniuliza.

"Ninayo ya kwaya."

"Lete hiyo hiyo. Mungu ni mmoja."

Akasafisha vichwa vya deki ya kaseti kwa pamba na spiriti, akaiweka. Kwaya ikatoka, na kwa mara ya kwanza walikuwa watu. Niliwaona walivyosimama, nani yuko mbele, nani nyuma. Ulipofika wimbo wa tatu, mama akakohoa. Alikohoa upande wa kushoto, nyuma kidogo, karibu na pazia la meneja, nami nikageuza shingo. Kisha ule mchakacho wa gunia ukafunguka, na ndani yake mlikuwa na maneno. Kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, chini kwa chini, akimwambia mtoto mgongoni: nyamaza, mama, nyamaza, tunamaliza.

Fundi Shabani aliniona. "Kuna nini?"

"Mama yangu."

"Wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. "Pale. Kwenye pazia."

Mwingine angecheka. Yeye alirudisha mkanda nyuma, akapiga tena, na mara ya tatu, halafu akatoka nje kuvuta sigara akaniacha peke yangu.

Hapo ndipo nilipojua mashine nzuri ni ya nini.

Nilirudi Rhotia nikamwita Veronika, aliyekuwa darasa la tatu. Nikamwambia, "Ndani ya ile kaseti ya mama kuna kitu chako."

"Kitu gani, kaka?"

"Siku nikipata mashine yangu mwenyewe utakisikia."

"Si uniambie tu?"

"Utakisikia mwenyewe."

Sikumwambia. Nilitaka kuuona uso wake atakapogeuza shingo kama mimi. Ningeweza kumpandisha kwenye lori la Oldeani wiki ile ile, meneja yule alikuwa mtu mwema. Ningeweza hata kumwambia maneno yale yalivyokuwa, akayashika. Niliona si heshima kumpa zawadi ya namna ile kwa kuazima sebule ya mtu.

Basi nikaanza kuijenga mashine yangu, nami ni mtu wa kushikilia jambo. Amplifaya niliipata kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Masanduku ya spika alinitengenezea seremala kwa mbao nilizomchagulia ubao kwa ubao, mpaka akaniuliza kama nazika mtu. Deki niliokota mbili zilizokufa, nikapata moja hai. Kila Veronika alipofunga shule, kisha chuo cha ualimu, kisha alipopangiwa kazi Engaresero na kuja huku likizo, aliniuliza mlangoni, hata kabla ya shikamoo, "Imeshakuwa tayari?"

"Bado spika."

Mwaka mwingine: "Bado amplifaya, ina mvumo kidogo."

Akaniita Kaka Bado. Watoto wake nao wakaniita Mjomba Bado. Tulicheka sana. Kaseti ilikuwepo, mashine ilipiga, na mvumo ule ulisikika kwangu peke yangu.

Kisha zikaja kompyuta. Nilijifunza ukubwani, na nikajifunza vizuri. Niliihamisha kaseti yote kwenye kompyuta, kwa waya mzuri, bila kubana, kila sauti ikabaki na ukubwa wake. Nikalinganisha: wimbo wa kwanza kwenye kaseti, wimbo wa kwanza kwenye kompyuta, huku na huku, macho nimefumba. Sikuweza kutofautisha. Nikasema kazi imekwisha, na sikulinganisha tena.

Mnasikia nilichosema? Wimbo wa kwanza.

Wakati huo loji moja kwenye barabara ya kupanda Ngorongoro ilinipa kazi ya kufunga spika kwenye ukumbi wa chakula, na meneja wao akataka nyimbo za watu wa hapa. Nikampelekea kwaya yetu. Baada ya siku chache akaniita.

"Fundi, kwaya nzuri sana. Sasa huyu anayekohoa ni nani?"

Nikajifanya nakagua spika.

"Wageni wanakula supu, mtu anawakoholea. Halafu kuna minong'ono pale. Itoe, bwana. Unaweza?"

"Naweza, bosi."

Ningesema ni mama yangu, angeomba radhi, nadhani. Lakini nilikuwa fundi, nimeulizwa kama naweza. Nilirudi nyumbani, nikaufungua wimbo wa tatu. Kikohozi, maneno ya kumtuliza mtoto, vyote pamoja vilikuwa sekunde nne. Nikavikata, nikaunganisha ubeti na kiitikio kwa ustadi ambao hata Fundi Shabani, Mungu amrehemu, asingeuona mshono. Nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikauliza kama iweke mpya juu ya ile ya zamani. Nikakubali, kama nilivyokuwa nikikubali kila ilichoniuliza. Kazi ya dakika tano. Meneja akasema, "Safi kabisa!" nami nikaenda zangu nimefurahi, nikaisahau kama mtu anavyosahau kucha alizokata. Kutoka kwenye ile ile ya kompyuta nikachoma CD moja ya loji na moja yangu, nikaweka na kwenye flashi.

Bado hapo nisingekuwa nimepoteza kitu. Kaseti ilikuwepo, ndani ya boksi chini ya meza.

Msimu uliofuata ndege waliingia kwenye ngano ya mdogo wangu Bura, kule Rhotia. Ninyi mlio mjini labda hamjaona: mkanda wa kaseti ukiuvuta kutoka mti hadi mti juu ya shamba, upepo ukipita unavuma na jua likiupiga unameremeta, ndege hawatui. Bura akaja. "Kaka, hivi kaseti za kutupa huna?"

Nikalivuta boksi. "Beba zote. Mambo ya kaseti yamekwisha."

Akapekua, maana Bura ni mtu wa kupekua. Akainua moja. "Na hii ya kwaya je? Si ndiyo ya mama?"

Aliuliza. Sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba Bura hakuuliza.

Nikamwambia, "Iko kwenye kompyuta hiyo. Huko haina kuoza."

Wiki hiyo nilikwenda kulitazama shamba. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka milimani, mkanda unaimba juu ya ngano yote. Nilimwambia Bura, "Tumewapa ndege kwaya." Tukacheka tukashikana mabega.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, mashine ilikamilika. Kipande cha mwisho kilikuwa kile kisanduku kidogo kinachozigeuza namba za kompyuta kuwa sauti, ambacho watu hukidharau kwa udogo wake wakati ndicho kinachoamua kila kitu. Nikampigia Veronika simu. "Iko tayari."

Akasema, "Kaka, usinitanie."

Alikuja kutoka Engaresero, siku nzima ya vumbi. Kesho yake asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani. Ana wajukuu sasa, na alikaa kwenye kile kiti cha katikati kama mtoto anayesubiri kupigwa picha, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

Nikapiga kutoka kwenye kompyuta. Wimbo wa kwanza, wa pili. Akatabasamu. "Kama wamo humu ndani." Wimbo wa tatu, ubeti wa kwanza, wa pili. Nikamtazama usoni. Kiitikio kikaingia.

"Subiri," nikasema. Nikarudisha. Kiitikio kikaingia tena, laini, bila mshono.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu. Chanzo tu. Tujaribu CD."

Nikaweka CD. Ile ya kuchoma mwenyewe huanza kubanduka kwa ndani, na hii ilikuwa na mikwaruzo, ilinibidi niifute kuanzia katikati kwenda ukingoni, kama inavyotakiwa. Ubeti wa pili, kiitikio. Nikachomeka flashi. Pale kwaya ilikuwa imebanwa, wanawake wameingia wote kwenye chumba kimoja kidogo. Kiitikio. Nikamwomba simu yake, maana niliwahi kumtumia wimbo ule kwa WhatsApp, nikaunganisha kwa bluetooth. Wimbo uliokwisha kubanwa ukabanwa tena, ulitoka kama unapigwa ndani ya debe. Nilijua haiwezekani, lakini niliinamia spika ya kushoto na sikio langu lote. Kiitikio.

Vyanzo vinne. Ningeweza kuwaandikia ukurasa mzima juu ya tofauti zake. Vyote vinne vilikuwa vimekosa sekunde zile zile, kwa sababu vyote vinne vilizaliwa na kosa moja, na hapo ndipo nilipokumbuka supu ya wageni.

Nikakaa chini sakafuni nikamweleza. Kikohozi, mgongo, maneno. Nilimwambia yalikuwa maneno gani.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo alikuwa anazungumza na mimi."

"Ndiyo."

"Nawe ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

Nilikuwa nimemsikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, miaka yote ile niliyokuwa nikimwambia bado.

Tulikwenda Rhotia mchana ule ule. Bura alituona tukishuka akadhani kuna msiba. Nilipomweleza, hakusema "nilikuuliza". Alituongoza ukingoni mwa shamba, ambako kwenye nguzo moja ya zamani palikuwa na mkanda uliojizungusha, umepauka. Tukaukunjua sisi watatu, wazee watatu wamepiga magoti kwenye ngano, tukarudi nao sote kwangu mjini, nikaufunga ndani ya ganda la kaseti kwa gundi na uvumilivu. Ulipiga sekunde chache. Ulikuwa muziki wa dansi, gitaa na mtu anayelia kwa ajili ya mwanamke aliyemwacha. Bura alianza kucheka, akajizuia, Veronika naye akacheka, machozi yakimtoka, nami nikazima.

Jioni kabla hajalala Veronika aliniuliza, "Alikohoaje?"

Nikajaribu. Nikakohoa. Nikajaribu tena, chini kidogo, kama mtu anayegeuza uso ili asimwamshe mtoto.

Akainua mkono. "Acha, kaka. Usikohoe. Nionyeshe tu ni wapi."

Basi, wanangu, jibu langu ni hili. CD iliyochapwa kiwandani na faili lisilobanwa havina tofauti kubwa, mkiwa na kisanduku kizuri cha kugeuza. Flashi haina kosa, kosa ni la aliyebana nyimbo. Bluetooth ni ya kupikia chakula, siyo ya kukaa na kusikiliza. Muziki wa mtandaoni hupunguza ubora wenyewe mtandao ukisinzia, na hapa Karatu husinzia mara nyingi. Lakini kabla hamjatupa cha zamani, sikilizeni cha zamani na kipya hadi mwisho, wimbo wa mwisho, sekunde ya mwisho. Na kama kuna mtu anasubiri kusikia kitu, mpigieni leo kwenye redio mbovu mliyo nayo.

Mashine yangu mnakaribishwa kuijaribu. Kuna wimbo wa kwaya ambao huwa nawapigia wageni, na wengi wenu huinuka katikati yake kukagua nyaya. Baada ya ubeti wa pili spika hunyamaza. Ni mimi niliyepafungua pale, Veronika akiwa amekaa kando yangu akinihesabia sekunde nne, na nikahifadhi kwa jina jipya. Msiguse kitu. Hakuna kilichokatika. Kaeni mkiwa mmeelekea kushoto, upande wa dirisha, kiitikio kitaingia.